Perpétue na Vumbi la Rwakabuba

Baba yake Perpétue alikuwa fundi mwashi wa parokia moja huko Kaziba, Kivu ya Kusini. Kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya mabinti watupu, Perpétue ndiye aliyemchotea maji, akamkorogea saruji na kumshikia uzi wa kunyooshea ukuta. Alipofika miaka kumi na minne aliweza kutia kidole kwenye zege bichi na kusema kama limezidi maji. Hakuna aliyempa cheti kwa ujuzi huo, naye hakujua kama ni ujuzi. Alidhani kila mtu anajua.

Alivuka mpaka mwaka 2003 pamoja na mumewe Appolinaire na watoto wawili, mkubwa akiwa Eliane. Walikaa Kabazana majuma sita, kwenye banda refu la kupokelea wageni, mpaka walipokatiwa kiwanja ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wakajenga nyumba ya udongo, wakalima mahindi na maharagwe. Appolinaire alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye sauti nzito iliyobeba kwaya nzima ya kanisa. Yeye aliridhika upesi na maisha. Mkewe hakuwa hivyo.

Mwaka 2007 mvua ilikatika mahindi yakiwa kifuani. Perpétue akaomba kibali cha kutoka, akaenda Mbarara kuponda kokoto kwa nyundo kwenye machimbo ya mzee Rwakabuba, nje kidogo ya mji. Alilala juma zima kwenye chumba walichopanga na wanawake wenzake wa Kikongo, na Jumamosi alirudi nyumbani juu ya lori tupu lililokuwa likienda Ngarama kupakia ndizi.

Pale machimboni palikuwa na mashine ya kusaga mawe, na chini ya mashine palikuwa na kilima cha vumbi la kijivu, yale makapi yanayobaki kokoto zikishachekechwa. Hakuna aliyeyataka. Mvua ikinyesha vumbi lilitiririka hadi kwenye migomba ya majirani, na majirani walikuja kumfokea Rwakabuba mpaka anajificha ndani ya gari lake.

"Mtu akitaka hii kitu achukue," mzee aliwaambia waponda kokoto. "Achukue yote. Mimi nitamshukuru."

Siku moja gari lililokuwa limebeba saruji lilipasua mfuko pembeni ya kilima hicho. Saruji ikamwagika, nusu juu ya mchanga, nusu juu ya vumbi, na mvua ikanyesha juu yake. Baada ya siku kadhaa Perpétue alipita hapo na nyundo yake. Akagonga upande wa mchanga, ukapasuka. Akagonga upande wa vumbi, nyundo ikaruka. Akachuchumaa. Aliugonga tena na tena, akisikiliza mlio wake kama mtu anayechagua chungu sokoni.

Mchanga wa kujengea Nakivale uliletwa kutoka mbali na ulikuwa haba kila msimu. Jumamosi ile alirudi na gunia la vumbi. Akachukua mikebe mirefu iliyokuwa ya mafuta ya msaada, akaikata ubavu na kuimwagia zege: wa kwanza wa mchanga mtupu, wa pili nusu mchanga nusu vumbi, wa tatu vumbi tupu. Kokoto na saruji vilikuwa sawa katika yote. Akaifunika kwa majani ya migomba, na Appolinaire akainyunyizia maji kila asubuhi, mwezi mzima. Majirani waliuliza anakuza mbegu gani.

Mwezi ulipokwisha Perpétue akayatoa mapande, akalaza kila moja juu ya matofali mawili yaliyoachana, akamwita mumewe.

"Baba Eliane, kuya uikale hapa."

"Mimi ndiye kilo?"

"Weye ndiye kilo."

Pande la mchanga lilimbeba, lakini alipodundadunda likalia na kukatika. La vumbi tupu lilikuwa gumu pembeni na lenye matundu katikati, kwa maana lilikuwa zito kukoroga na maji hayakupenya vizuri. Lile la nusu kwa nusu lilimbeba Appolinaire, likambeba Appolinaire pamoja na jirani, na jioni bado lilikuwa zima. Perpétue hakupiga kelele. Alilipanguza kwa kanga yake, akaliingiza ndani ya nyumba.

Norah alikuja maishani mwake mwaka 2009. Alikuwa mke wa sajini mmoja wa kambi ya jeshi mjini Mbarara, aitwaye Benon, na aliongoza kikundi cha wake wa askari waliofyatua matofali ya saruji. Alikuja machimboni kununua kokoto, akamkuta Perpétue anapakia vumbi kwenye magunia, akamcheka.

"Mama, wewe unapeleka takataka wapi?"

Perpétue akamweleza. Akaeleza yote, kwa furaha, kwa sababu tangu baba yake afe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo la zege. Kuanzia hapo wakawa marafiki. Perpétue alifundisha uani kwa Norah, kwenye nyumba za familia za askari: uchekeche vumbi kwanza, usiweke lote bila mchanga, usiongeze maji eti kwa sababu mkono umechoka. Norah alimpa maziwa na karo, ule ugali wa ulezi, na lori likikosekana alimlaza kwenye godoro la binti yake Shanitah, mtoto wa miaka mitano aliyependa kumshika Perpétue mikono na kuhesabu sugu zake.

Watu husema wivu wa Perpétue ulianza siku ya redio. Mwenyewe aliniambia hapana, ulianza na bomba la maji. Norah alikuwa na bomba uani. Alikuwa anafungua tu, maji yanamwagika mpaka yanapita juu ya ndoo, naye anaongea na mtu mwingine huku hayatazami. Perpétue aliyatazama. Siku hiyo alimkorogea Norah zege bila kusema neno, na Norah alipomuuliza kama anaumwa alijibu ni kichwa.

Baada ya bomba ikawa viatu. Baada ya viatu ikawa jinsi mlinzi wa langoni alivyomsalimia Norah kwa jina, huku Perpétue akiambiwa aonyeshe karatasi. Halafu ikawa kicheko cha Norah, ambacho zamani alikipenda. Alisema wivu ulikuwa kama kijiwe ndani ya kiatu. Unaweza kutembea nacho siku nzima na watu wasijue, lakini huna jambo jingine unalowaza.

Mwaka 2011 kikundi cha Norah kilipata kazi kubwa kambini: matofali ya vyumba viwili vya watoto, na baadaye mabamba ya zege ya kufunikia mashimo ya vyoo vipya vya familia. Ilitakiwa orodha ya wanakikundi wenye vitambulisho vya uraia. Jina la Perpétue halikuweza kuwamo.

"Hii ni sheria tu, Mama Eliane," Norah alimwambia. "Mimi na wewe tuko pamoja."

"Naelewa," alisema Perpétue. Na kweli alielewa. Kuelewa hakukumsaidia kitu.

Juma moja baadaye alikuwa kwenye mashine ya kusaga unga, pale sokoni Nakivale, akisubiri mahindi yake. Mwenye mashine alikuwa na redio. Perpétue akasikia sauti anayoijua. Norah alikuwa anahojiwa kuhusu wanawake na ujenzi. Mtangazaji akamuuliza nani alimfundisha kutumia makapi ya machimbo.

"Hakuna," sauti ya Norah ilisema. "Nilienda pale, nikaangalia lile vumbi, nikafikiri mwenyewe."

Halafu alieleza ile mikebe. Mikebe ya mafuta! Nyumba ya sajini ilipata wapi mikebe ya mafuta ya msaada? Alieleza hata mtu mzito aliyekaa juu ya pande la zege, akasema ni mumewe. Benon alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

Perpétue aliondoka bila unga wake. Eliane ndiye aliyetumwa baadaye kuuchukua. Nyumbani alichukua lile pande la nusu kwa nusu, alilolihifadhi miaka minne, akalitupa nyuma ya choo.

"Mama Eliane," mumewe alisema, "jina lako halingejenga ukuta."

"Lingenijenga mimi," alijibu. Hakumsemesha tena mpaka Jumapili.

Aliendelea kwenda Mbarara, maana kazi ilikuwa kazi. Aliendelea kumsalimia Norah, na Norah, ambaye hakujua kwamba sauti yake redioni ilisikika hadi Nakivale, aliendelea kumletea maziwa. Perpétue aliyanywa. Alisema yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomkera.

Mapema mwaka 2012 Rwakabuba alianza kuchimba upande mpya wa kilima. Upande huo mwamba ulikuwa umefunikwa na udongo mwekundu, na udongo uliporomoka pamoja na mawe na kuingia mashineni. Vumbi likabadilika. Likikauka lilikuwa na wekundu wa mbali, kama poda ya usoni, na likilowa liliteleza vidoleni. Perpétue alilijua siku ya kwanza. Alisugua kidogo kwenye kiganja, akalitemea mate, akaona linavyogandamana. Udongo. Zege halipendi udongo.

Norah alikuja na lori siku ya tatu. Alishika konzi ya lile vumbi, akasitasita.

"Mama Eliane, hii ya sasa iko nyekundu kidogo. Wewe unaonaje? Iko sawa?"

Perpétue alikuwa ameketi juu ya rundo lake, nyundo mkononi. Aliniambia kwamba alikuwa na muda wa kutosha kujibu vizuri. Alimtazama Norah, kitambaa chake kipya cha kichwani, lori lenye jina la kikundi ubavuni, na akaisikia tena ile sauti: nikafikiri mwenyewe.

"Vumbi ni vumbi tu," alisema. "Si weye ndiye unayafikiriaka?"

Norah hakushika maana. Alicheka, akaamuru wapakie.

Siku zilizofuata Perpétue alikuwa na furaha kali. Aliimba akiponda. Alijiambia kwamba zege bovu litabomoka, wakubwa watakasirika, na Norah atasimama mbele yao bila jibu. Mawazo yake yote yaliishia hapo, kwenye uso wa Norah. Na kwa kuwa alitaka uhakika, alibeba gunia la vumbi jekundu hadi nyumbani, akamwaga zege kwenye mkebe, akalifunika na kumwachia Appolinaire alinyunyizie kama zamani.

Lilipokomaa alilaza pande juu ya matofali mawili, akamwita mumewe. Appolinaire alikaa. Hakumaliza hata kupumua. Pande lilikatika kama muhogo mkavu, naye akaanguka chali, miguu juu, viatu vikimtoka.

Perpétue alicheka mpaka akashika ukuta. "Aone sasa!" alisema. "Aone sasa na redio yake!"

Appolinaire hakuinuka. Alibaki chini anamtazama.

"Nani aone?"

Akamwambia. Alimwambia yote, pamoja na lile jibu la machimboni, bado akicheka, na kadiri alivyosema ndivyo kicheko kilivyoanza kusikika vibaya masikioni mwake mwenyewe.

"Sasa hivi banatengeneza nini na ile vumbi?" mumewe aliuliza.

"Bamba za choo."

"Choo ya nani?"

Perpétue akaanza kuokota vipande.

"Mimi nimeangukia chini hapa, fasi ngumu," Appolinaire alisema, akijipangusa. "Batoto ya kule bataangukia wapi?"

Perpétue alifika langoni mwa kambi siku ya pili yake, mchana, jua likiwa kali. Mlinzi alimzuia. Benon aliitwa, akaja, akamwingiza bila kuuliza mengi. Nyuma ya nyumba za familia mabamba kumi na mawili yalikuwa yamelazwa chini kwa safu, makavu na mazuri, kila moja na tundu lake. Mashimo yalikuwa tayari. Wanawake wa kikundi walikuwa wakifunga kamba za kuyabeba, na Norah alikuwa katikati yao, anaelekeza.

"Musiweke," Perpétue alisema kutoka mbali. "Mama Shanitah, tafadhali, musiyaweke. Itavunjika."

Norah aligeuka. "Nini itavunjika?"

"Hii beto, hii zege. Ile vumbi ilikuwa na udongo mingi."

Halafu mwanamke mmoja akasema jambo kwa Kinyankore na wengine wakacheka. Norah akakunja mikono.

"Mama Eliane, wewe tangu mwaka jana umebadilika. Mimi naona. Nakupa maziwa, unanuna. Nakupa kiti, unanuna. Leo tunamaliza kazi, wewe unakuja kuharibu. Wewe unanionea wivu!"

Perpétue alikuwa amejitayarisha kukana. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri ya kukana. Lakini alimwona Shanitah mlangoni, amekua, amevaa sare ya shule, anampungia mkono.

"Ndiyo," alisema. "Niko na wivu. Niko na wivu mingi kushinda vile unawaza. Naonea wivu bomba yako, na viatu, na jina yako kwa redio. Nilikusikia kwa redio, Mama Shanitah. Lakini wivu yangu haiwezi kuvunja bamba. Lazeni moja juu ya matofali, batu bapande."

Norah aliposikia neno redio alikunjua mikono. Benon ndiye aliyeinua bamba la kwanza pamoja na wanawake watatu, wakalilaza juu ya safu mbili za matofali. Perpétue akapanda mwenyewe. Bamba likatulia. Akapanda mwanamke wa pili. Likatulia. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele vya dhihaka, na Perpétue, amesimama pale juu mbele ya watu wote, aligundua jambo ambalo hakulisahau: sehemu yake moja ilikuwa inaomba bamba lisivunjike, na nyingine ilikuwa inaomba livunjike, na hakujua ipi ina nguvu.

Alipopanda wa tatu, mlio ulisikika, mdogo, kama mtu anayekata ukucha. Bamba lote likaenda chini. Mmoja aliteguka kifundo. Nondo zilibaki zimejipinda hewani, na zege lililozizunguka lilivunjika vipandevipande, jekundu ndani.

Vigelegele vilikatika. Norah aliokota kipande, akakisugua, kikamomonyoka kiganjani.

"Mimi nilikuuliza," alisema taratibu. "Pale machimbo. Nilikuuliza kama iko sawa."

"Uliniuliza."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Norah akatupa kile kipande, akaingia ndani na kufunga mlango. Perpétue alibaki uani na Benon na wanawake ambao sasa walimsogea mbali kidogo.

Mabamba yote kumi na mawili yalivunjwa kwa nyundo. Perpétue ndiye aliyemwaga mengine, kwa muda wa majuma matatu, kwa vumbi la zamani alilolichimbua chini kabisa ya kilima cha Rwakabuba, lililochekechwa na kuchanganywa nusu na mchanga. Norah alikuja kila siku kukoroga pamoja naye. Walizungumza juu ya maji, koleo na chekeche, basi. Maziwa hayakuletwa. Kazi ilipokabidhiwa, kikundi kilipewa barua ya pongezi katika ofisi moja ya Kamukuzi, mjini Mbarara, na Perpétue hakualikwa. Aliniambia siku hiyo wivu ulimkaa tangu asubuhi, na akamwambia Appolinaire wazi, naye akampikia uji.

Mwaka 2014 Benon alihamishiwa kambi nyingine, mbali kaskazini. Siku moja kabla ya kuondoka Norah alikuja machimboni kwa miguu. Alikaa juu ya jiwe kando ya Perpétue, akamtazama akiponda.

"Ile ya redio," alisema mwishowe. "Yule mtu aliniuliza haraka. Nilitaka kusema wewe. Halafu nikaona nikisema wewe, mimi nabaki nani?"

Perpétue alisimamisha nyundo. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mwanamke mwenye bomba uani angeweza kuogopa jambo hilo.

"Hata mimi niliwaza vile," alisema.

Hawakukumbatiana. Norah alimpa namba yake ya simu, na walipigiana mara mbili au tatu, kisha namba ikaacha kupatikana.

Kufikia hapo kila fundi wa Mbarara alikuwa analitaka lile vumbi, na mzee Rwakabuba, aliyekuwa akiomba lichukuliwe, akaweka mtu wa kulilinda na kuliuza kwa lori. Perpétue akaacha kuponda kokoto. Alirudi Nakivale moja kwa moja, akafungua uwanja mdogo wa kumwagia mabamba ya vyoo na vifuniko vya visima, na akafundisha wanawake sita. Kila pande la majaribio lilipitia kwa Appolinaire, ambaye alikuwa ameongezeka kilo.

Kati ya wale sita palikuwa na Viviane, mama kijana kutoka Fizi, mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Mwaka 2015 Viviane aligundua kwamba vumbi likioshwa kidogo kwanza na kuanikwa, zege linakorogeka kirahisi bila kuongezewa maji. Pande lake lilibeba watu watano. Wanawake walimzunguka wakimshangilia, na mmoja akasema sasa mwalimu amepitwa.

Perpétue alikuwa kando, anaosha chekeche. Viviane alimfuata mbio, uso unang'aa.

"Mama, umeona? Nieleze, ni kwa nini inakamata vile?"

Perpétue hakuinua kichwa.

"Nimeona. Ni muzuri sana, inapita yangu," alisema. "Lakini leo niko na wivu juu yako, Viviane. Usiniulize kitu leo, naweza kukujibu mubaya. Kuya kesho asubuhi, nitakueleza yote."

Viviane alidhani ni mzaha. Lakini alikuja kesho yake asubuhi na mapema, na Perpétue akamweleza.